Kisu cha chuma kinachofanana na jiwe: dalili za kasoro, vyanzo vyake na namna ya kuzirekebisha

Maswali yanayoletwa karakanani kwangu kuhusu visu vya mapambo vya chuma vilivyochongwa ili vifanane na visu vya mawe ya kale yamekuwa yakijirudia. Mmoja huleta bapa lenye vishimo akiuliza kwa nini halina sura ya jiwe, mwingine huleta bapa lililopinda ndani ya mafuta, na wa tatu huleta kisu kilichomaliza mwezi mmoja ukutani kikaota kutu. Nimezipanga kasoro hizo kwa dalili zake, yaani kwa kile unachokiona au kukisikia, na katika kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi nikaishia na kile cha nadra, kwa sababu fundi anayeanza na ukaguzi mwepesi huokoa bapa ambalo mwenye haraka angelitupa.

Maelezo haya yanamhusu mtu anayetumia bapa la chuma chenye kaboni, mathalani springi ya gari yenye unene wa milimita 5 hadi 6, ambalo bado halijatiwa ugumu (yaani halijapashwa moto na kuchovywa katika mafuta ili liwe gumu), na anayelichonga kwa mashine ya mkanda wa msasa yenye gurudumu dogo, au kwa mashine ndogo ya mkononi yenye biti ya kabaidi (kikatio kidogo kigumu sana kinachozunguka), au kwa tupa ya mviringo na subira. Tupa haina aibu yoyote. Baadhi ya mabapa mazuri niliyoyaona yalichongwa kwa tupa peke yake, kwa kuwa mkono uendao polepole hupata nafasi ya kufikiri.

Jambo la kuelewa kabla ya dalili yoyote

Gumegume, lile jiwe gumu litoalo cheche, na obsidiani, ile kioo nyeusi ya volkano, havikuchongwa na watu wa kale kama tunavyochonga mti. Vilibanduliwa. Fundi alipiga ukingo wa jiwe kwa jiwe jingine au kwa pembe ya mnyama, au aliukandamiza ukingo huo kwa ncha ya pembe, na kibanzi kikaruka kutoka upande wa chini. Mahali kilipotoka pakabaki kovu lenye umbo la kombe: lina mwanzo kwenye ukingo, lina bonde dogo lililozama karibu na pale pigo lilipoangukia, kisha linapungua kina kadiri linavyoelekea katikati, na ndani yake mna mawimbi hafifu yanayozunguka mahali pa pigo kama mawimbi ya maji yaliyoangukiwa na kokoto. Kovu la baadaye hulikata lile lililotangulia, na mpaka kati ya makovu mawili hubaki tuta jembamba lenye ukali.

Asiyeweza kupata jiwe la namna hiyo achukue chupa nene iliyomeguka kitakoni, aitazame kwenye mwanga wa pembeni bila kuipapasa kwa kidole, naye ataona kombe na mawimbi yake waziwazi, kwa sababu kioo huvunjika kwa kanuni ileile. Anayeishi Kenya ana bahati zaidi, kwani Kariandusi, karibu na Gilgil, yapo mashoka ya mkono ya obsidiani yenye umri wa mamia ya maelfu ya miaka, na aliye Tanzania anaweza kwenda Isimila, nje kidogo ya mji wa Iringa, akatazama mashoka makubwa ya mawe mengine yenye makovu mapana. Saa moja mbele ya mawe hayo ina thamani kuliko picha nyingi, kwa kuwa picha nyingi hupigwa kwa mwanga wa mbele unaofuta matuta.

Swali moja, basi, ndilo litakalotuongoza katika kasoro zote za sura: pigo lilitoka wapi?

Dalili ya kwanza: bapa linafanana na sufuria ya shaba iliyofuliwa kwa nyundo

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote. Vishimo vimejaa, kazi imechukua siku mbili, lakini jicho linaona chuma kilichogongwagongwa. Kabla ya kugusa chombo chochote, zima taa za juu, washa taa moja ya pembeni iliyo chini, weka kidole kwenye kila bonde na ujiulize swali lile. Kama huwezi kuonyesha kwenye ukingo mahali pigo lilipotoka, umepata kasoro.

Chanzo cha kawaida ni kwamba mabonde yameanzia katikati ya bapa na kuishia katikati. Mashine yenye biti ya duara humvuta fundi achimbe vishimo vya mviringo, na jiwe halina vishimo vya mviringo vinavyoelea. Rekebisha kwa kulipeleka kila bonde hadi ukingoni kwa tupa ya nusu duara, ukiliacha lipungue kina taratibu kuelekea mstari wa kati. Hapa pana makubaliano ambayo chuma kinatulazimisha tufanye. Katika jiwe, sehemu iliyozama zaidi huwa karibu kabisa na ukingo, lakini ukiiga hivyo katika chuma utapunguza unene wa makali mahali pasipofaa. Mimi huweka sehemu iliyozama zaidi milimita 4 au 5 ndani ya ukingo, na jicho halilalamiki.

Chanzo cha pili ni makovu yenye ukubwa mmoja. Fundi wa jiwe alianza na mapigo makubwa yaliyofika katikati ya bapa, akafuata ya wastani, kisha akamalizia kwa vibanzi vidogo vidogo kando ya makali ili kuyanyoosha. Anayechonga chuma afuate mpangilio huohuo, naye hatahitaji kubuni utofauti, kwani utakuja wenyewe. Kwa bapa ambalo tayari lina makovu yaliyolingana, chagua matatu au manne yaliyotawanyika, uyapanue hadi yameze majirani zao, halafu uongeze makovu madogo ukingoni juu ya yote. Angalia mipaka pia. Pale makovu mawili yanapokutana, moja lazima lionekane zima na jingine lionekane limekatwa. Mpaka ambao pande zote mbili zimelegezana unasema kwamba makovu yote mawili yalitokea wakati mmoja, jambo lisilowezekana.

Chanzo cha tatu ni mwelekeo mmoja kupita kiasi, makovu yakajipanga kama magamba ya samaki. Nitaongeza tahadhari, maana wako waliosikia shauri hili wakaanza kuchonga ovyo. Mpangilio wenyewe si kosa. Kisu cha Gebel el-Arak kutoka Misri, kilichohifadhiwa katika jumba la Louvre mjini Paris, kina upande mmoja wenye makovu marefu yaliyopangwa sambamba kwa ustadi unaostaajabisha, na kina umri wa zaidi ya miaka 5,000. Majambia ya gumegume ya Denmark ya takriban miaka 4,000 iliyopita nayo yana mpangilio wa kupendeza, na hayo yalitengenezwa kwa kuiga majambia ya shaba nyeusi, yaani fundi wa jiwe aliuiga mwili wa madini kama sisi tunavyouiga mwili wa jiwe leo. Hata hivyo, kila kovu katika visu hivyo linaanzia ukingoni na linalikata kovu la jirani. Magamba ya samaki hayana ukingo yanakoanzia, na hapo ndipo tofauti ilipo.

Chanzo cha mwisho, nacho ni cha nadra, ni kukosekana kwa mawimbi. Yaongeze mwishoni kabisa, mawili au matatu katika makovu makubwa tu, kwa kupitisha biti nyembamba bila kukandamiza, huku tumbo la kila wimbi likitazama katikati ya bapa na si ukingoni. Yakigeuzwa, anayelijua jiwe ataona kosa kabla hujamaliza kumkabidhi kisu. Yakizidi, bapa litaonekana kama gome la mti.

Acha kuchonga pale kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, inapoonyesha kwamba unene wa katikati, kwenye bonde lenye kina kikubwa zaidi, umefika milimita 3. Kuanzia hapo kila marekebisho ya sura yanakula nguvu ya kisu, na ni heri kuanza bapa jipya.

Dalili ya pili: matuta yamelainika kama sabuni iliyotumika

Makovu yamekaa vizuri lakini bapa lote linaonekana limeyeyuka. Karibu kila mara mkosaji ni gurudumu la kitambaa la kung'arishia, ambalo hupita juu ya tuta na kulikula kabla halijafika bondeni. Mkosaji wa pili ni msasa ulioshikwa kwa ncha ya kidole, kwa kuwa nyama ya kidole hulegea na kulizunguka tuta. Wa tatu ni mkanda uliochakaa, ambao unasugua badala ya kukata.

Ukilipapasa tuta kwa ukucha, na ukucha ukapita bila kukwama, tuta limekufa na linahitaji kukatwa upya. Huna haja ya kuchimba pande zote mbili. Kata upande mmoja tu, ule wa kovu lililokuja baadaye, na tuta litasimama tena. Kisha malizia kwa msasa uliofungwa kwenye kijiti cha mbao ngumu au kwenye shina la biti kuukuu ya drili lenye mviringo unaolingana na bonde, ukilisukuma kutoka ukingoni kuelekea katikati na kusimama kabla ya kulifikia tuta. Msasa namba 400 unatosha kwa sura ya gumegume, ambalo halimetameti bali lina mng'ao wa nta. Anayetaka obsidiani aendelee hadi namba 1,500, kwani hiyo ni kioo na lazima ing'ae.

Dalili ya tatu: mashine inarukaruka na kuacha ngazi ndani ya makovu

Kagua kwanza jinsi bapa lilivyoshikwa. Bapa lililobanwa kwenye jiliwa kwa ncha moja hutetema kama kamba ya zeze, na mtetemo huo huandikwa ndani ya kovu. Libane juu ya ubao mnene kwa vibanio viwili, sehemu unayochonga ikiwa imeegemea ubao, na mara nyingi tatizo litaishia hapo. Likiendelea, punguza mkandamizo, maana biti ya kabaidi hukata kwa mzunguko na si kwa nguvu za mkono. Tatu, hakikisha shina la biti limeingia ndani ya kichwa cha mashine kadiri inavyowezekana, kwani shina refu lililochomoza hupinda. Nne, angalia unakoisukuma biti: ikisukumwa kinyume na mzunguko wake hukata kwa utulivu, ikifuata mzunguko hukimbia na kupanda juu ya tuta. Baada ya hayo yote ndipo ushuku biti butu au beringi za mashine zilizochoka.

Simamisha kazi mara moja kama shina la biti limepinda hata kidogo, kwa sababu kwa mzunguko wa maelfu kwa dakika litakatika na kuruka. Moshi, harufu ya kuungua au cheche nyingi kwenye matundu ya mota ni kazi ya fundi umeme, si ya kuendelea nayo kwa matumaini.

Wako wanaotumia grainda kuchonga makovu makubwa. Inafaa, ikiwa diski ni ya kusagia au ya msasa. Diski nyembamba ya kukatia isitumike kwa ubavu hata mara moja, kwani haikutengenezwa kuhimili nguvu ya pembeni na hupasuka vipandevipande. Mzunguko ulioandikwa kwenye diski usiwe chini ya ule wa mashine, na grainda ndogo ya milimita 115 huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Diski zenye meno ya kuchongea mbao zisikaribie chuma. Kifuniko cha kinga kisiondolewe kwa sababu yoyote, na kwa kazi yote hii vaa miwani ya kinga iliyoziba pembeni, barakoa yenye kichujio cha FFP3 au P100, na vizibo vya masikio. Biti ya kabaidi hutoa vijisindano vya chuma vinavyopenya nguo, kwa hiyo usivipulize kwa mdomo wala kuvifuta kwa kiganja. Vikusanye kwa sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, halafu ugeuze mfuko.

Dalili ya nne: makali yamekuwa msumeno, au yamekuwa karatasi

Ukingo wenye mawimbi madogo ni sehemu ya uzuri wa jiwe, na mawimbi yasiyozidi nusu milimita hayazuii kisu kunolewa. Yakizidi hapo, chanzo cha kawaida ni makovu ya pande mbili kukutana mahali pamoja na kung'ata ukingo kutoka kulia na kushoto. Yapishanishe: kovu la upande huu lianzie pale ambapo upande wa pili una tuta. Kwa bapa lililokwisha kung'atwa, nyoosha ukingo kwa tupa bapa hadi pengo lenye kina kirefu lipotee, ukubali kwamba kisu kimepungua milimita moja au mbili za upana, kisha urudishe makovu madogo ya ukingoni.

Kabla ya moto, ukingo usiwe mwembamba kuliko milimita 1. Uliopungua hapo huungua kaboni yake katika tanuri, hujikunja ndani ya mafuta, na hukatika ukinolewa.

Dalili ya tano: bapa limepinda au limepasuka lilipochovywa katika mafuta

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa hapa ndipo kazi ya wiki nzima hupotea kwa sekunde tatu. Nilipoteza bapa la sentimita 22 kutoka springi ya lori, ambalo nilikuwa nimelichonga kwa siku tatu. Lilipoingia kwenye mafuta nilisikia mlio mdogo, kama mtu aliyevunja kijiti kikavu chumba cha pili, na nilipolisafisha niliona ufa mwembamba kama unywele uliotoka kwenye kitako cha bonde moja hadi karibu na mgongo. Bonde hilo nililichimba kwa kona ya diski, likawa na umbo la herufi V. Mabonde mengine yote, yaliyokuwa na kitako cha mviringo, yalisalimika.

Tuanze na kupinda, kwani ndiko kunakotokea mara nyingi. Chanzo kikuu ni chuma kilichoondolewa zaidi upande mmoja. Fundi huchonga upande wa kwanza kwa hamu na wa pili kwa uchovu, na upande mwembamba hupoa mapema kuliko mwenzake ukalivuta bapa. Linganisha pande mbili kwa kalipa na kwa macho kabla ya moto. Chanzo cha pili ni mikazo iliyobaki ndani ya chuma kutokana na kufuliwa au kunyooshwa kwa springi. Ili kuiondoa, pasha bapa hadi sumaku iache kulishika, jambo linalotokea karibu na nyuzi 770 za Selsiasi, uliache lipoe kwenye hewa tulivu, na urudie mara tatu. Chanzo cha tatu ni kulichovya kwa ubavu au kulitikisa pembeni likiwa ndani ya mafuta. Liingie kwa ncha au kwa makali, na ukilisogeza, lisogee mbele na nyuma tu.

Bapa lililopinda kidogo linaweza kunyooshwa katika dakika za mwanzo baada ya kutoka kwenye mafuta, likiwa bado lina joto, kwa mikono yenye glavu za ngozi na bila kishindo. Likishapoa, usiligonge kwa nyundo kamwe, kwani litakatika kama kigae. Lifunge kwenye chuma cha pembe kwa vibanio, uweke kipande chembamba chini ya sehemu iliyopinda ili lisukumwe kidogo kupita usawa, na ulirudishe kwenye oveni ya kutulizia, yaani ya kulipasha tena kwa joto dogo ili lisikatike kwa urahisi.

Kuhusu kupasuka, shuku kwanza mabonde yenye kitako chembamba na mikwaruzo mirefu ya tupa iliyokatisha bapa, kwani kila pembe kali ni mahali pa ufa kuanzia, na kisu cha namna hii kina pembe nyingi kuliko kisu chochote cha kawaida. Zungusha vitako vyote na uviondolee mikwaruzo hadi msasa namba 220 kabla ya moto. Kingo za juu za matuta ziache zilivyo, utazikata upya baadaye. Shuku ya pili ni maji. Chuma cha springi huchovywa katika mafuta ya kula yaliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60, na wanaokimbilia maji kwa kutaka ugumu zaidi hupata nyufa. Ya tatu ni joto lililozidi: kwa springi nyingi, nyuzi 830 au karibu yake zinatosha, na rangi ya chungwa iliyokaribia manjano inaonyesha umepita mbali. Ya nne ni springi yenyewe, ambayo ikiwa imebeba lori kwa miaka inaweza kuwa na nyufa zake kabla hujaigusa.

Kuna kipimo cha bei ndogo cha kutafuta nyufa, na ningependa kila karakana iwe nacho. Loweka bapa lililopoa katika mafuta ya taa kwa nusu saa, mbali na moto, ulifute hadi likauke kabisa, kisha ulipake unga wa chaki. Subiri. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari wa rangi iliyokolea juu ya chaki. Ukiuona mstari huo, kazi imekwisha. Ufa hausagwi, haujazwi, na bapa hilo lisitiwe mpini wala kuuzwa, hata kama ni la ukutani, kwa sababu aliyelinunua ipo siku atalishusha alitumie.

Bapa lililo salama litulizwe mara moja, kabla halijalala, kwa nyuzi 200 kwa saa mbili, lipoe, kisha lirudiwe saa mbili nyingine. Oveni ya jikoni inafaa, lakini ipimwe kwa kipimajoto chake chenyewe. Asiye na tanuri linalopimika ampelekee kazi hii mhunzi mwenye nalo. Na kama kisu ni cha ukutani tu, nina maoni ambayo wengine hawayapendi: usikitie ugumu. Mwambie mnunuzi ukweli huo, naye atakuwa na kisu kizuri kisicho na hatari ya kupasuka.

Chombo cha mafuta kiwe cha chuma, chenye kifuniko cha chuma kilicho karibu na mkono. Mafuta yakishika moto, yafunike. Usiyamwagie maji. Na usipashe moto chuma kilichopakwa zinki, kwani moshi wake huleta ugonjwa.

Dalili ya sita: sehemu za bapa zimekuwa za buluu wakati wa kuchonga

Bapa ambalo bado ni laini halina hasara yoyote, futa rangi hiyo uendelee. Kwa bapa lililokwisha tiwa ugumu, buluu inasema joto lilifika karibu nyuzi 300 na ugumu umepungua mahali hapo. Buluu ikiwa kwenye makali, saga hadi uvuke sehemu hiyo au urudie moto wote. Siku nyingine tumia mkanda mpya, chonga bila glavu nene ili vidole vikuonye, na uchovye bapa majini kila baada ya mapitio mawili.

Dalili ya saba: weusi haushiki sawasawa

Wengi hutumia feriki kloridi, ile inayouzwa katika maduka ya vifaa vya elektroniki kwa ajili ya kuchorea bodi za saketi. Madoa meupe karibu daima ni alama za vidole na mafuta yaliyobaki mabondeni. Osha kwa sabuni ya vyombo na mswaki wa meno, ukipiga mswaki kwa mwelekeo wa kila kovu, suuza, futa kwa spiriti, na baada ya hapo shika kwa glavu tu. Ikiwa doa halitoki, inawezekana ngozi ya juu ya chuma imepoteza kaboni katika tanuri. Isugue kwa msasa hadi ufikie chuma chenye rangi moja. Sababu ya nadra ni dawa kali mno, ambayo hula haraka na kuacha vidoa. Sehemu moja ya dawa kwa sehemu tatu au nne za maji, kwa vipindi vya dakika 5, hutoa weusi tulivu zaidi.

Asiyetaka kemikali hiyo anaweza kuloweka bapa katika kahawa ya unga ya papo hapo iliyokolezwa sana kwa saa kadhaa. Weusi wake ni wa upole na mimi huupenda kwa sura ya gumegume la kijivu. Chuma kisichoshika kutu hakitabadilika rangi kwa kahawa, kwa hiyo bapa lisilobadilika kabisa huenda si chuma ulichouziwa.

Baada ya weusi, mazoea ya wengi ni kung'arisha matuta yote kwa msasa ili yawe meupe. Matokeo yake ni kisu chenye ngozi ya chatu. Jiwe halina matuta meupe. Gusa machache tu, yale yanayotazama mwanga, au uyaache.

Dawa hii ishikwe penye hewa, kwa glavu za mpira na miwani, katika chombo cha plastiki au kioo, mbali na vyombo vingine vya chuma kwani hata mvuke wake huvitia kutu. Isimwagwe kwenye sinki wala mferejini. Ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 bila kukatiza, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yametulia.

Dalili ya nane: kutu inaota ndani ya mabonde

Ikiota ndani ya siku chache, ni dawa ya kuchorea iliyobaki bondeni. Lowesha bapa katika maji yenye magadi ya kuokea kwa dakika kumi, lipige mswaki, suuza kwa maji ya moto ili likauke haraka kwa joto lake lenyewe, na ulipake mafuta kabla halijapoa. Ikiota baada ya wiki kadhaa, uliza kisu kinalala wapi. Ala ya ngozi hushika unyevu na chumvi zilizotumika kuisindika, na kisu chenye mabonde mengi hakina namna ya kukauka ndani yake. Kwa wakazi wa pwani, hewa ya bahari peke yake inatosha. Kipakwe nta ya nyuki iliyoyeyushwa, ifutwe ikiwa bado vuguvugu ili isijae mabondeni, na irudiwe kila mara unapoona maji yanatandaa juu ya bapa badala ya kujikunja kuwa matone.

Kutu nyepesi hutoka kwa sufi ya chuma laini kabisa yenye mafuta kidogo. Ikiwa imeacha vishimo, usikimbilie kuisaga: katika makovu makubwa, vishimo vichache hufanana na madoa ya jiwe lililokaa ardhini, na nimewahi kuviacha kwa makusudi. Vikiwa kwenye makali au karibu na shina linaloingia mpinini, toa mpini, safisha hadi chuma cheupe, na ukague kwa mafuta ya taa na chaki kabla ya kuufunga tena.